Jina Lililobaki Bila Nyimbo

Oliva Nchimbi alianza kupiga chapa akiwa bado msichana wa soksi nyeupe, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyemsikia akilalamikia vidole vyake. Waliolalamika ni wengine. Mashine yake pale kwenye ofisi za chama cha ushirika mjini Songea ilirindima kama mvua ya mawe juu ya bati, hata makarani wa chumba cha pili wakawa wanafunga mlango ili wasikilizane. Karani mmoja hakuufunga. Huyo aliitwa Remmy Gama, mtu wa suruali zilizopigwa pasi hata unaogopa kumgusa, na baada ya kuuacha mlango wazi msimu mzima wa kununua mahindi, akapeleka barua ya posa kwa wakwe zake na kumwoa mpiga chapa.

Walikaa vizuri. Wakapata mtoto mmoja, Suzana, aliyekua akaolewa Mbinga. Kisha ikaja hiyo tuliyoambiwa ni ruksa, kila mtu na biashara yake. Malori ya wanunuzi binafsi yakapanda hadi vijijini kununua mahindi shambani kabla hayajapukuchuliwa, mitumba ikajaa sokoni, na chama cha ushirika kikakauka taratibu, mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Oliva na Remmy walipunguzwa kazi siku moja. Siku hizo watu walisema “kupunguzwa” kama vile mtu ni nywele.

Mwanamke akishikwa na dhiki hutafuta pa kutokea. Mwanamume aliyezoea kuitwa mkuu hutafuta kiti. Sisemi hivyo kwa kumcheka Remmy, maana wanaume wa mji ule waliokaa vitini miaka hiyo ukiwahesabu hutamaliza leo. Alikaa barazani nyumbani kwake Bombambili akisikiliza redio, na suruali zake zikaanza kupoteza mikunjo. Oliva akaazima taipureta, akaiweka kwenye kibaraza karibu na mahakama, akawa anawachapia watu malalamiko yao. Hivyo ndivyo walivyokula.

Ilipoingia karne mpya, marafiki wa parokia walioko ng’ambo walituma kompyuta tatu kuukuu, na waumini wakatoa chumba nyuma ya maduka ili watu wajifunze. Fundi aliyekuja kuzifunga aliitwa Otto, kijana wa makamo kutoka Iringa, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitia ndani yake mfumo uitwao Linux kwa sababu ulikuwa wa bure na mashine zilikuwa dhaifu. Hapakuwa na picha wala kipanya. Ni kioo cheusi na maandishi meupe, unaandika amri, mashine inatii. Watu waliokwisha kuona kompyuta za ofisi kubwa walipochungulia walicheka wakaenda zao. Oliva hakucheka. Kwake ilikuwa taipureta iliyojifunza kujibu, na Otto alipoondoka baada ya mwezi alimwachia yeye ufunguo wa chumba na kazi ya kufundisha.

Katika yote aliyoyaacha Otto, Oliva alilipenda zaidi jambo moja. Tuseme faili lako limekaa ndani kabisa, folda ndani ya folda, kama mtungi uliowekwa chumba cha uani. Ukilitaka kila siku lazima uandike njia nzima kutoka mlangoni. Lakini kuna amri iitwayo `ln -s` ambayo inakuwekea jina fupi hapo mlangoni. Jina hilo si nakala ya faili. Ni kiungo tu: ukiliita, mashine inakwenda yenyewe chumba cha uani na kukuletea mtungi ule ule. Faili likifa, kiungo kinabaki kimesimama pale pale, kinaonyesha kidole mahali pasipo na kitu.

Amri hiyo ina mpangilio wake. Unataja kwanza faili la zamani, lile lenye vitu, halafu ndipo unataja jina jipya la kiungo. Wanafunzi walikuwa wakichanganya kila siku, kwa hiyo Oliva akawatafutia njia ya kukumbuka.

“Ni kama shikamoo,” alisema, huku akigonga ubao kwa chaki. “Mkubwa anapewa heshima yake kwanza. Mdogo baadaye.”

Wanafunzi walicheka, wakakumbuka. Akawafundisha pia kwamba mashine ikikataa kwa kusema jina hilo lipo tayari, unaweza kuongeza herufi f, yaani kulazimisha, na kiungo kipya kitakaa mahali pa cha zamani. Na akawaambia lile alilopenda kulisema Otto, kwamba mashine hii haina maneno mengi: ukikosea utasikia, ikinyamaza jua imetenda.

Mwaka huo huo mama yake Oliva, Kunegunda, aliletwa mjini kutoka kijiji kimoja upande wa Lusewa. Alikuwa mjane, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kumsaliti. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga moja, na Suzana alipokuja kumsalimu alimwita kwa jina la shangazi aliyekufa zamani. Lakini mwenyewe alijua, na hilo ndilo lililouma. Mtu asiyejua kuwa anasahau huishi kwa raha. Kunegunda alijiona akisahau.

Kijijini kwao alikuwa mwanzishaji wa nyimbo za wanawake. Arusi ilikuwa yake, mavuno yalikuwa yake, na msiba ulipotokea walikwenda kumwita kabla ya kwenda kwa seremala. Mwanzishaji hutunga maneno yake mwenyewe, anayatupa mbele, na wanawake wengine wanaitikia. Kiitikio ni cha wote. Maneno ya kuanzisha ni ya mtu mmoja, na mtu huyo akifa, desturi yao ni kwamba yule aliyemrithi anasimama kaburini na kumwanzishia nyimbo zake mwenyewe. Mwanzishaji asiyeanzishiwa, walisema wanawake wa kule, amezikwa nusu.

“Wenzangu niliokuwa nataka kuwakabidhi wametangulia wote,” Kunegunda alimwambia binti yake asubuhi moja, wakichambua maharage. “Umebaki wewe, na wewe ulikulia bwenini, hukujifunza. Sasa kichwa kinavuja, mwanangu. Andika. Siku ya kunizika mtaimba za kitabu, sawa, ni za Mungu. Lakini na zangu zianzishwe.”

Oliva alikubali papo hapo. Tangu siku hiyo, alasiri ambazo hapakuwa na darasa, alikuwa akimwongoza mama yake polepole hadi kwenye kile chumba nyuma ya maduka, anamkalisha kwenye kiti chenye mto, na bibi anaimba. Remmy alikuwa akiwasindikiza lakini hakuingia. Mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe wake, sembuse kumsikiliza akiimba, kwa hiyo alikaa kwenye ngazi za nje ametazama barabara.

Kunegunda alikuwa na namna yake ya kukabidhi. Aliimba kila wimbo mara moja tu, akamaliza, akapiga kofi moja kwenye goti. “Huo nimekupa,” anasema. “Sasa si wangu tena.” Oliva akimwomba arudie mstari, bibi anatikisa kichwa. Kitu ulichompa mtu huwezi kuendelea kukivaa.

Wala Oliva hakuhitaji kurudiwa. Vidole vyake vilikuwa vinakamata kila neno la Kingoni linavyotoka. Lakini mpiga chapa mzuri ana ugonjwa wake, na nitautaja kwa sababu watu wa kazi hiyo wanaujua: kinachoingia sikioni kinatokea kwenye vidole bila kupita kichwani. Maofisini walimpenda kwa hilo, kwa sababu alichapa siri za watu na jioni hakumbuki hata moja. Nyimbo za mama yake nazo zilipita njia hiyo hiyo. Hakuwa na wasiwasi. Zilikuwa ndani ya mashine, kwenye faili liitwalo nyimbo, ndani ya folda ya wazee, ndani ya folda ya hazina. Alitaka amalize zote ndipo achape kwenye karatasi, maana utepe wa printa ulikuwa umekwisha na mwingine uliagizwa Dar es Salaam.

Masika yalipoisha Kunegunda alipiga goti lake kwa mara ya mwisho. “Zimekwisha,” akasema. Alilala usingizi mzuri usiku ule, na tangu siku ya pili akaanza kusahau kwa kasi, kama mtu aliyetua mzigo na sasa anakubali kukaa chini.

Wakati huo jambo zuri lilikuwa limetokea nyumbani, na Oliva alimshukuru Mungu kwa ajili yake kwa sauti. Remmy alikuwa ameingia darasani. Alianza kwa kejeli, akakaa kiti cha nyuma, akasema anakuja kuangalia mke wake anavyosumbua watoto wa watu. Baada ya wiki chache akawa wa kwanza kufika. Akili ya ukarani ilimrudia. Alipanga mafaili ya darasa zima, akayapa majina yenye adabu, na asubuhi moja Oliva aliamka akakuta mkaa umewashwa kwenye pasi. Alisimama mlangoni akimtazama mumewe akinyoosha suruali, akalia kidogo, kisha akaenda kuchemsha uji.

Alimpenda tena. Niseme wazi, kwa sababu bila hilo mtu atadhani kilichofuata ni hasara ya faili tu.

Siku moja Oliva alipanda basi dogo kumpeleka mama yake hospitali Peramiho, akamwachia Remmy ufunguo na darasa. Remmy alikuwa na wazo lake. Alikuwa ameona jinsi mkewe, kila alipotaka kuyatazama maneno ya bibi, anavyoandika njia ndefu: hazina, wazee, nyimbo. Akataka kumwekea kiungo kifupi mlangoni kiitwacho mama, ili aandike neno hilo moja tu na nyimbo zije. Ilikuwa zawadi kwa mkewe, na zaidi ilikuwa zawadi kwa mama mkwe, ambaye kwa miaka yote hiyo Remmy alimheshimu kwa kukaa mbali naye na hakuwahi kupata namna ya kumtendea jambo la karibu.

Akaketi, akaandika. Akaanza na mdogo, yule mpya, mama. Kisha mkubwa, lile faili la zamani. Mashine ikamjibu kwamba jina hilo lipo tayari. Remmy akakumbuka somo, akaongeza herufi f. Mashine ikanyamaza. Naye alikuwa amefundishwa kwamba ikinyamaza imetenda, kwa hiyo akasugua mikono kwa furaha, akaita wanafunzi, akafundisha hadi alasiri, na kwenye mashine zote zikaandikwa barua za kuomba kazi.

Oliva aliporudi, amemlaza mama nyumbani, alimkuta mumewe amesimama mlangoni kama bwana arusi.

“Mama Suzana, njoo uone. Kaa hapo. Ukitaka nyimbo za bibi, usihangaike tena. Ita mama tu.”

Oliva alicheka, akakaa, akaita. Mashine ikasema hakuna faili la jina hilo.

“Umekosea herufi,” Remmy akasema. “Jaribu tena.”

Akajaribu tena. Kisha akaenda kwa njia ndefu, hazina, wazee, akaagiza mashine imwonyeshe vilivyomo. Jina la nyimbo lilikuwapo. Mbele yake palikuwa na mshale mdogo unaoelekeza kwenye neno mama, na hapakuwa na mama popote.

Oliva akamgeukia mumewe. “Umeandikaje, baba Suzana?”

“Kama ulivyotufundisha. Kama shikamoo.”

“Umeanza na nini?”

“Na mdogo. Si ndiye anayeanza?”

“Mkubwa kwanza,” Oliva akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Nilisema mkubwa kwanza.”

Remmy alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Kwani ukikutana na mzee njiani, nani anafungua mdomo? Mzee ndiye anakuamkia wewe? Mdogo anaanza, anasema shikamoo. Mkubwa anaitikia marahaba. Hata mtoto mchanga anajua.”

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameifikiria heshima, naye mumewe aliufikiria mdomo. Darasa zima lilipita salama kwa kuwa walinakili mfano wa ubaoni bila kufikiri, na ni Remmy peke yake aliyeielewa salamu kama inavyosemwa barabarani. Alikuwa ameagiza mashine iliondoe faili la zamani na kuweka mahali pake kiungo cha kwenda kwa kitu ambacho hakijazaliwa. Angekuwa mvivu wa kufikiri kama wengine, nyimbo zingekuwapo.

Walimpigia Otto kwa simu ya posta. Alisema wazime mashine, wasiandike kitu chochote, kisije kikafunika kilichofutwa. Oliva akamwambia imeandikwa siku nzima. Otto alikuja hata hivyo, kwa nauli yake, akachimba ndani ya mashine siku mbili, akatoa vipande vya barua za kuomba kazi, “mimi ni kijana mwenye afya njema,” “nitashukuru,” na neno moja moja la Kingoni lililokatika kati. Disketi ambamo Oliva alikuwa amehifadhi nyimbo za mwanzo ilipochomekwa ilikwaruza tu. Vumbi la Songea halina huruma na disketi.

“Dada Oliva, nisamehe,” Otto akasema akivua miwani.

“Wewe hukufanya kitu, mwalimu,” Oliva akamjibu, na akamfungashia mahindi ya kuchoma ya njiani.

Remmy alitaka kumwomba mama mkwe radhi. Lakini mkwe hamwendei mama mkwe na maneno ya moja kwa moja, anatuma mtu katikati, na mtu wa katikati pale nyumbani alikuwa Oliva. Alimwomba mara ya kwanza, akamwomba mara ya pili. Oliva akakataa. “Asijue,” akasema. “Afe akijua zimekaa.” Remmy akabaki na radhi yake mdomoni. Hakuingia tena kwenye kile chumba, na pasi haikuwashwa tena. Hawakugombana. Ingekuwa nafuu kama wangegombana. Walipeana chakula na kupeana pole za mchana kama wapangaji wa nyumba moja.

Oliva alijaribu kuzirudisha. Alimwomba mama yake amwimbie tena, kwa hila, akisema anataka kuhakikisha. Kunegunda alimtazama na kutabasamu. “Nilikupa,” akasema, na zaidi ya hapo hakutoa kitu. Alikuwa amesahau au alikuwa anashika desturi, hakuna aliyeweza kujua. Oliva akapanda gari hadi kijijini, akawakusanya wanawake waliowahi kuitikia. Walifurahi kumwona. Waliimba kwa moyo wote, lakini kilichokuwamo vifuani mwao ni viitikio. Waliitikia, wakanyamaza kumpa nafasi mwanzishaji, wakaitikia tena. Oliva alikaa kwenye kigoda, kalamu mkononi, akisikiliza zile nafasi tupu, na alilia waziwazi mbele yao bila kueleza sababu. Walidhani analilia ugonjwa wa mama.

Mvua za kwanza zilipokuja Kunegunda hakuinuka tena kitandani. Siku nyingi hakumjua mtu. Lakini adhuhuri moja aliamka macho yakiwa safi kabisa, akamwita Oliva kwa jina lake, akaomba maji, akanywa. Remmy alikuwa nje ya dirisha, mahali pake pa siku zote.

“Nimekaribia,” Kunegunda akasema. “Niimbie mmoja, nijue umezishika.”

Oliva alitafuta. Alipekua kichwa chake kama anavyopekua mtu mfuko wa nguo iliyofuliwa. Alikumbuka chumba, mto wa kiti, lile kofi la goti, alikumbuka hata joto la vibonye chini ya vidole. Neno halikuja hata moja. Basi akaimba kile alichokuwa nacho, wimbo wa Mama Maria aliofundishwa bwenini akiwa mdogo, akauimba wote, beti zote.

Mama yake alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu.

“Mzuri,” akasema. “Ila huo si wangu, mwanangu. Anzisha wangu. Mimi nitakuitikia.”

Akafumba macho, akalamba midomo iwe tayari, akasubiri. Nje ya dirisha Remmy alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili. Oliva alimshika mama yake mkono, akafungua kinywa, na hakuwa na kitu cha kuanzisha.